Kabla hajavuka geti: namna ya kumsindikiza kijana aliyejeruhiwa, toka kitandani hadi nyumbani

Kitanda namba 4, saa tisa za usiku. Kijana wa miaka kumi na saba hivi, mkono wa kushoto umefungwa hadi kwenye kiwiko, damu imekauka kwenye suruali. Panga. Muuguzi amemaliza kushona, daktari amesema kano za vidole viwili zitaangaliwa tena asubuhi. Nikavuta kibao, nikakaa. Hakulalamika maumivu, hakumwita mama yake. Aliniuliza: "Mama, telefone yangu iko wapi?"

Miaka kumi na moja nafanya kazi ya usaidizi wa kijamii hospitalini hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na swali hilo nimelisikia mara nyingi kuliko "nitapona?". Kwa hiyo naanza nalo. Kijana akilala pale na drip mkononi, wenzake wa mtaani wanapigiana simu: nani alimkata, anakaa wapi, tumfuate lini. Kisasi hupangwa wakati mgonjwa bado ana ganzi. Ukimkuta mapema, usiku uleule au kesho yake asubuhi, unaingia katikati ya mazungumzo hayo. Ukisubiri siku ya kutoka, yamekwisha kuamuliwa bila wewe.

Namwandikia muuguzi, mtu wa parokia, mama wa mtaa, au kijana aliyepona ambaye anataka kuanzisha huduma ndogo ya namna hii kwenye hospitali au senta ya afya yake. Huhitaji jengo. Unahitaji watu wawili, kaye moja, yaani daftari, na ruhusa.

Wazo lenyewe hapa mjini kwetu tunalijua. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imezoesha watu kwamba mwathirika wa ubakaji atibiwe mwili, asikilizwe, asaidiwe kisheria na atafutiwe namna ya kuishi, vyote chini ya paa moja, asitumwe huku na huku na karatasi mkononi. Kwa vijana wa risasi na visu, wenzetu wa Oakland kule Marekani walianza mwaka 1994. Mmoja wa waanzilishi, Sherman Spears, alikuwa mwenyewe amepigwa risasi akabaki kwenye kiti cha magurudumu; alianza kuwatembelea vijana wengine kitandani kwa sababu alikumbuka alivyolala pale akiwaza kulipiza. Na kule Milwaukee kuna huduma ya hospitali ya watoto waliyoipa jina Ujima. Jina la Kiswahili, ng'ambo ya bahari! Sisi wenye lugha tungeona aibu kidogo.

Nani akae pale kitandani

Chagua watu kabla ya kuchagua jina la mradi. Mimi napenda wawe wawili: mama mmoja mtu mzima na kijana mmoja wa kiume au wa kike anayejua mitaa. Mama anafungua mlango kwa familia. Kijana anaelewa lugha ya wenzake, anajua Cimpunda inapakana wapi na Nyamugo kwa macho ya watoto wa pale, maana mipaka yao haipo kwenye ramani ya meya. Kijana aliyewahi kulazwa kwa jeraha kama hilo ni dhahabu, ila asiwe bado na deni la mtu.

Asiwe polisi, asiwe mwanajeshi, asiwe ndugu wa chifu wa avenyu. Wala asivae koti jeupe. Mtu wa koti jeupe huulizwa dawa, mtu wa sare hudanganywa.

Ruhusa iombe kwa mganga mkurugenzi kwa ukurasa mmoja tu: mnakuja saa ngapi, mtakaa wapi, mtaona karatasi gani na hamtaona zipi, mkipata siri mtaifanyaje. Baada ya hapo nenda kwa mkuu wa wauguzi wa irjansi, wodi ya dharura, maana mkurugenzi atatia sahihi lakini huyo ndiye atakayekupigia simu usiku au asikupigie. Mimi nilikubaliana na wetu hivi: kila anayefika mwenye umri kati ya miaka 10 na 25, akiwa na jeraha la kisu, panga, risasi, kipigo cha umati au ubakaji, nabipwa. Bip mbili maana yake njoo sasa. Bip moja, asubuhi inatosha. Mkataba wote ndio huo.

Saa zenu ziwe Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi kuliko siku nyingine. Kazi hii haifuati saa za ofisi, inafuata kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mishahara.

Robo saa ya kwanza

Mwache daktari amalize. Kisha sogea, kaa chini ya usawa wa macho yake, usimsimamie. Jitambulishe kwa jina na useme mambo matatu: sifanyi kazi na polisi, sitakulipisha, ukitaka niondoke nitaondoka. Sema pia la nne, nalo wengi hulisahau: ukiniambia unataka kuua mtu au kujiua, hilo sitaweza kulificha peke yangu. Ni afadhali alisikie mwanzoni kuliko akuone msaliti baadaye.

Usiulize "nani kakufanyia?" Hilo swali kaulizwa na muuguzi, kaulizwa na askari getini, kaulizwa na shangazi akilia. Usimlazimishe asimulie tukio lote. Kuna watu bado wanaamini mtu "akimwaga yote" usiku wa kwanza anapata nafuu. Mafunzo tuliyopewa yanakataza, kwa sababu kumrudisha kwenye tukio kabla hajatulia kunaweza kumzidishia. Maneno tunayofundishwa ni matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama. Sikiliza anachotaka kusema yeye. Muunganishe na mtu au huduma anayoihitaji.

Mimi huuliza hivi, kwa mpangilio huu:

"Umekula?"
"Nani anajua uko hapa?"
"Nani hutaki ajue?"

Swali la tatu ndilo lenye kazi. Kijana wa kitanda namba 4 alijibu bila kuinua kichwa: "Yaya yangu. Akijua, leo leo atachukua panga." Basi kazi ya usiku huo nikaijua: si mkono, ni kaka mkubwa. Simu yake tulikuwa nayo kwenye mfuko wa nguo alizovuliwa. Nilimpa, lakini nilimwomba kwanza ampigie mama yake mbele yangu, kisha mama ndiye amwambie huyo kaka, kwa maneno ya mama. Mama alifika saa kumi na mbili na kopo la uji. Kaka alifika naye. Tulikaa kwenye benchi la nje sisi watatu hadi jua likatoka, na panga lilibaki nyumbani. Siku hiyo.

Kula nako si mzaha. Hospitali zetu nyingi hazipikii wagonjwa. Asiye na mlinzi wa mgonjwa, yaani ndugu wa kumuuguza, analala njaa huku amemeza dawa kali. Watoto wa barabarani, hawa wanaoitwa mayibobo, hawana mlinzi. Tafuta mama anayepika karibu na geti, muelewane bei ya sahani ya bugali na maharagi, mwisho wa wiki hesabu. Siku ya sikukuu iwe sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nimeona mtoto aliyekataa kuongea siku mbili akafunguka katikati ya sahani.

Aliyebakwa: saa zinahesabika

Hapa usichelewe hata kwa adabu. Kinga ya VVU ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura ina nafasi hadi saa 120, nayo vilevile mapema ni bora. Kuna chanjo ya hepatiti B, sindano ya pepopunda, dawa za magonjwa ya zinaa. Akija baada ya siku hizo, mpokee. Vipimo, vidonda na mazungumzo havina saa ya mwisho.

Nguo asifue, mwili asioge kabla ya uchunguzi kama anaweza kuvumilia. Kama ameshaoga, usimkaripie, wengi hukimbilia maji kwanza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye sacheti ya plastiki zinaota unyevu na kuharibika.

Vidonge vya kinga vinamezwa siku 28, na hapo ndipo tunapowapoteza. Wiki ya kwanza kichefuchefu, wiki ya pili jirani ameuliza "unaumwa nini?", wiki ya tatu kopo limetupwa. Mweleze vimezwe baada ya chakula cha jioni, vitolewe kwenye kopo linalopiga kelele viwekwe kwenye kitambaa. Msichana mmoja tulihesabu naye kwa punje 28 za maharagi ndani ya soksi: kila usiku kidonge kimoja, punje moja inatolewa. Mama yake wa kambo alidhani ni mbegu. Alimaliza zote.

Na wavulana wanabakwa. Hawasemi. Watasema wamepigwa, watasema wameanguka, watakataa kugeuka wauguzi wakitaka kuwasafisha. Ukiona kijana anakataa kukaa, au anaomba kubadilishiwa muuguzi mwanaume, fungua mazungumzo pembeni, bila mlinzi wake, na useme kama jambo la kawaida: "Wavulana pia hufanyiwa, na dawa zao zipo." Kisha nyamaza. Usiijaze kimya.

Sheria za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ubakaji zinamlinda wa kike na wa kiume, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Zile za 2006 zinataka upelelezi wa mwanzo uishe kwa mwezi mmoja, na hukumu itoke kwa miezi mitatu. Hiyo ni kwenye karatasi. Tangu mji uingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, simwahidi mtu yeyote tarehe ya tribinali. Ninachomwambia ni hiki: cheti cha daktari tukichukue leo, kikiwa na tarehe, sahihi na muhuri, nakala moja ikae faili la hospitali, moja kwa mtu anayemwamini, moja kwake kama ana mahali pa kuficha. Kovu linapona likapoteza ushahidi, karatasi inangoja.

Jiandae pia na wazee watakaokuja na neno "tupatane". Mbuzi, dola kadhaa, au mbaya zaidi, msichana aolewe na aliyemharibu. Usigombane nao wodini. Waambie mtoto bado yuko kwenye matibabu na daktari hajaruhusu mazungumzo, jambo ambalo ni kweli. Unanunua siku chache. Katika siku hizo tafuta mwanasheria wa shirika la haki za watoto, na mtafute shangazi au bibi mmoja katika ukoo anayesimama upande wa mtoto. Karibu kila mara yupo, ila hajaulizwa.

Deni

Fupi tu. Anza kuuliza bili siku ya kwanza, usingoje ya mwisho. Nenda kesi, pale wanapolipia, na faili, omba wakuandikie kila kitu, uliza kama kuna mfuko wa wasiojiweza au shirika linalolipia majeraha ya silaha. Wakati mwingine lipo na hakuna aliyemwambia mgonjwa. Nimeona hospitali moja, sitaitaja, ikimzuia mtoto wa miaka kumi na tatu wiki tano baada ya kupona kwa sababu ya deni, akilala sakafuni kwenye korido, akitumwa maji na wauguzi. Aliondoka usiku kwa kuruka ukuta akavunjika mguu. Akarudi kitandani, na deni likapanda. Usiahidi kulipa. Ahidi kuuliza, na uulize kweli.

Siku ya kutoka

Mwaka wangu wa pili nilifanya kosa ambalo bado linanikalia. Kijana mmoja wa Kadutu, kisu cha tumbo, alipona vizuri. Daktari akatia sahihi ya kutoka Ijumaa saa kumi jioni. Nilifurahi, nikamfungia nguo zake, nikamsindikiza hadi getini, nikamuaga. Ng'ambo ya barabara walikuwa vijana watano wanamngoja, na mmoja kambebea koti. Nilidhani ni upendo. Walimpitisha moja kwa moja kwa wale waliomchoma. Jumapili alirudi, na safari hii yeye ndiye alikuwa na damu ya mtu mwingine mikononi.

Sisi Waswahili mgeni humsindikiza, hatumuagi mlangoni. Nilimuaga mlangoni.

Tangu hapo nina utaratibu na siuvunji. Hakuna kutoka Ijumaa jioni. Namsihi daktari iwe Jumatatu au Jumanne, saa nne asubuhi, wakati watoto wa mtaa wamelala au wako sokoni. Siku mbili kabla, tunachora naye kwenye kaye njia ya kwenda kwao: hapa napita, hapa sipiti, pale kwenye kibanda cha mauzo ya simu wanakaa wale. Kijana akikuambia "mimi naenda popote", mpe kalamu achore. Mkono utasimama penyewe mahali anapopaogopa. Kisha uliza: usiku wa leo unalala wapi, na usiku wa tatu? Wa kwanza kila mtu ana jibu. Wa tatu ndio unakuonyesha kama hana mahali.

Mara nyingine inabidi ahame kidogo. Wa Nyamugo akakae Bagira kwa mjomba, au apande boti hadi Idjwi kwa bibi yake wiki sita. Ongea na huyo mwenyeji mwenyewe kwa simu kabla. Usimtumie mtu mzigo wenye kidonda bila taarifa. Siku ya safari tunakwenda naye kwa pikipiki, mama au mimi nyuma, mpaka ndani ya nyumba, tunakunywa maji, tunaona kitanda.

Na swali la kisasi liulize kinaganaga siku hiyo, si kwa mafumbo: "Unataka kurudisha?" Akisema hapana haraka haraka, usiamini sana. Akisema ndiyo, shukuru kwamba ameongea. Muulize tu nini kitatokea saa moja baadaye, nani atakuja kwa mama yake, nani atamlea mdogo wake. Usihubiri. Wahubiri wanapita wodini kila Jumatano na wanafanya kazi yao vizuri.

Baada ya hapo

Kalenda yangu: simu siku ya tatu, kutembelea siku ya kumi wakati wa kutoa nyuzi, kisha kila wiki hadi mwezi, kisha kila mwezi hadi sita. Nenda bila gari lenye nembo. Gari jeupe lenye bendera likisimama mbele ya nyumba, avenyu nzima inajua kabla hujashuka, na kesho wanaanza kumuuliza mama yake amepewa dola ngapi.

Mwezi wa kwanza kutolala, kushtuka, kuota, kukasirika bure ni mambo ya kawaida ya mwili uliotishwa. Waeleze wazazi, maana wao wanadhani ni pepo au ni utundu. Yakiendelea baada ya mwezi, au akiongea habari ya kujiua hata mara moja, usimbebe peke yako: mpeleke kwa mwanasaikolojia wa hospitali, au SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa mjini. Wengi wanaogopa jina hilo, wanasema ni pa wendawazimu. Mimi huenda nao mara ya kwanza, tunakaa foleni pamoja.

Majeraha ya mkono yanahitaji mazoezi ya viungo, na hapo vijana huacha wakiona kovu limefunga. Kano isiyonyooshwa inakakamaa. Kijana wa kitanda namba 4 ni kinyozi, na ni mtu wa kushoto. Bila vidole vile viwili hashiki mashine. Alikata tamaa wiki ya nne. Tulichofanya ni kumpa zoezi lenye maana kwake: kukamata kitana, kukiachia, kukamata, mara hamsini, huku mdogo wake akihesabu kwa sauti.

Kazi na shule vitafute kwa mtu mmoja mmoja. Fundi wa kushona, wa seremala, wa gereji, anayekubali mwanafunzi mmoja, ni bora kuliko orodha ndefu ya mafunzo yatakayoanza mfadhili akipatikana. Mama zao waingize kwenye MUSO ya mtaa, kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana. Akiba ya kila wiki, hata kidogo, inamfanya mama asimsukume mtoto arudi barabarani kutafuta.

Kuhusu kaye: namba ya kitanda na tarehe, jina hapana. Majina yako kwenye karatasi nyingine, nyumbani, ndani ya sanduku la kitenge. Kila mwisho wa mwezi nahesabu mambo mawili tu, waliorudi na jeraha jipya na waliopotea kwenye simu. Wafadhili wakija watataka mengine mengi. Wape, lakini hayo mawili ndiyo yanakuonyesha ulipokosea.

Wewe nawe upumzike. Wiki nikiwa na watoto watatu wa ubakaji, wa nne namwachia mwenzangu, natelemka Nguba natazama ziwa, sipokei bip.

Faili linafungwa lini? Hakuna aliyenifundisha. Zamani nilifunga kwa tarehe, miezi sita imeisha, basi. Siku hizi nasikiliza sauti. Mwezi uliopita nilimpigia yule wa kitanda namba 4, simu ya mwisho kwenye kalenda yake. Nyuma nilisikia mashine ikinguruma na redio. "Mama," akasema, "samahani, niko na mteja kwenye kiti, nakupigia sasa hivi."

Hakupiga. Faili lake nimelifunga.